Namna ya Kuzipata Albamu Zilizopitwa za Rokabili, Sefu na Elektroniki ya Saikedeliki

Anayetaka kuzijua albamu zilizosahaulika za rokabili (roki ya awali ya Marekani iliyochanganywa na kantri), za sefu (muziki wa gitaa wa vijana wa kuteleza juu ya mawimbi, yaani surf) na za muziki wa kielektroniki wa saikedeliki (wa majaribio na sauti za kama ndotoni) mara nyingi huanza na orodha za albamu mia bora, na baada ya wiki chache hujikuta akizunguka kwenye majina yaleyale. Orodha hizo zina manufaa yake, ila zimepangwa kwa aina za muziki, na majina ya aina za muziki kwa kawaida hubandikwa na wauzaji baada ya kazi kwisha kufanyika studioni. Mwongozo huu unapita njia nyingine, nayo ni kufuata mwangwi, kisha kuwafuata watu walioutengeneza.

Sababu ni kwamba aina hizi tatu, ingawa hazifanani masikioni mwa mgeni, zina mzizi mmoja wa kiufundi. Katika studio yake ndogo ya Memphis, Sam Phillips alipitisha sauti kwenye mashine mbili za kanda, ya pili ikirudisha sauti kwa kuchelewa sehemu ndogo ya sekunde, na ule mrudio mfupi mkavu ukawa alama ya rokabili tangu Elvis Presley aliporekodi hapo mwaka 1954. Mwaka 1961 kampuni ya Leo Fender ilianza kuuza kisanduku chenye springi ndani yake, kikalipa gitaa ile sauti ya majimaji ambayo leo kila mtu anaihusisha na sefu. Miaka michache baadaye wakaja watu waliochukua vifaa vya maabara vya kutoa mawimbi ya sauti, yaani osileta, wakavipigia ngoma na kuviimbia. Katika hali zote tatu mashine ilikuwa mwanamuziki mmojawapo wa kundi, na atakayejifunza kuisikia ataitambua hata penye jalada lisilosema lolote.

Hatua ya kwanza: Fahamu kwa nini albamu ilipotea

Kila aina ilipoteza albamu zake kwa namna yake, na usipolijua hilo utatafuta mahali pasipo na kitu.

Rokabili ulikuwa muziki wa singo, yaani santuri ndogo zenye wimbo mmoja kila upande. Katika miaka yake ya moto, kati ya 1954 na 1958, vijana wengi walirekodi singo mbili au tatu kwa lebo ndogo, yaani kampuni za kutoa rekodi, kisha wakarudi kwenye kazi zao za kila siku, bila kupewa nafasi ya kutoa albamu. Albamu chache zilizotoka wakati ule ule, kama ile ya mwaka 1956 ya Johnny Burnette and the Rock 'n Roll Trio kwa lebo ya Coral, au Bluejean Bop! ya Gene Vincent ya mwaka huohuo kwa lebo ya Capitol, ni za kusikilizwa mwanzo hadi mwisho. Nyingine nyingi unazozihitaji zitakuwa mikusanyiko iliyopangwa na watu wengine miaka mingi baadaye, na hapo usione haya kuuita mkusanyiko albamu.

Sefu ilikumbwa na kinyume chake. Kati ya 1962 na 1964 albamu zilitolewa kwa wingi kupita kiasi, nyingi zikiwa na jalada la bahari na vipande vilivyorekodiwa kwa haraka ili kuziwahi pesa za vijana kabla mtindo haujapita. Makundi ya Uingereza yalipoliteka soko la Marekani mwaka 1964, albamu nzuri zilizama pamoja na mbovu. Kwa hiyo katika sefu kazi kubwa ni kuchambua, kwa kuwa mali yenyewe ipo tele.

Elektroniki ya saikedeliki ina kisa cha kushangaza zaidi, kwani albamu zake kadhaa zilitolewa na lebo kubwa zenye uwezo. Kundi lililojiita The United States of America, likiongozwa na Joseph Byrd huku Dorothy Moskowitz akiimba, lilitoa albamu yake kwa lebo ya Columbia mwaka 1968 bila gitaa hata moja, na kabla mwaka haujaisha kundi lilikuwa limevunjika. Silver Apples wa New York, yaani Simeon Coxe na osileta zake pamoja na mpiga dramu Danny Taylor, walitoa albamu ya kwanza mwaka huohuo. Ya pili, Contact ya 1969, iliwaonyesha wakiwa ndani ya chumba cha rubani cha ndege ya Pan Am na, upande wa nyuma wa jalada, kwenye mabaki ya ndege iliyoanguka. Shirika hilo liliwashtaki, na albamu yao ya tatu haikutoka mpaka 1998. Muziki wenyewe haukuwa na kosa. Wauzaji hawakujua wamuuzie nani, na wanasheria wakamalizia.

Hatua ya pili: Chagua albamu moja ya nanga katika kila aina

Usianze na albamu ishirini. Chukua tatu, moja kwa kila aina, uzisikilize nzima mara tatu au nne kabla ya kutafuta nyingine. Mimi ningependekeza ile ya Rock 'n Roll Trio, Surfers' Choice ya mpiga gitaa Dick Dale ya 1962, na An Electric Storm ya kundi la White Noise iliyotolewa na Island mwaka 1969. Si lazima ziwe hizo, mradi kila moja iwe ya asili yake hasa na iwe na majina ya watu unayoweza kuyafuatilia.

Unaposikiliza, elekeza sikio kwenye nafasi iliyo kati ya sauti. Je, mwangwi umewekwa kwenye sauti ya mwimbaji peke yake au kwenye bendi nzima? Je, gitaa linasikika kavu au linatiririka? Katika Surfers' Choice utashangaa kuona kwamba vipande vingi bado havina ule mwangwi mzito wa springi ambao Dick Dale alikuja kujulikana kwao, na nguvu yake inatoka kwenye mkono unaokwaruza nyuzi kwa kasi bila kupumzika. Ukishaligundua hilo wewe mwenyewe, hutadanganyika tena na albamu ambayo sifa yake pekee ni springi.

Sikiliza pia vipande vya mwisho vya kila upande. Zamani lebo ziliweka kipande cha kuuzia mbele, na vile visivyoeleweka zikavificha nyuma. Albamu ya kwanza ya Wanda Jackson, ya mwaka 1958, ina nyimbo nyingi za kantri, lakini ndani yake mlikuwa na Let's Have a Party, rokabili ya moto kabisa, ambayo ilikaa humo takribani miaka miwili mpaka ilipotolewa kama singo mwaka 1960 na kuvuma. Miaka miwili yote wenye albamu hiyo walikuwa nayo nyumbani.

Hatua ya tatu: Soma jalada na uifuate mikono

Hii ndiyo hatua yenye mavuno mengi kuliko zote. Geuza jalada, au fungua ukurasa wa albamu kwenye hifadhidata ya Discogs, uandike majina ya wapigaji, ya fundi mitambo, ya mtayarishaji na ya studio. Kisha fungua jina mojamoja uone mtu huyo alifanya kazi gani nyingine katika miaka mitatu kabla na mitatu baada ya hapo. Jina la msanii lililoandikwa kwa herufi kubwa mbele ndilo lenye msaada mdogo zaidi.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi njia hii inavyovuka mipaka ya aina za muziki. Mpiga dramu Hal Blaine, mmoja wa wanamuziki wa kukodiwa wa Los Angeles, alitoa mwaka 1963 albamu ya gitaa na ngoma yenye mada ya magari ya mashindano akitumia jina la Hal Blaine and the Young Cougars, katikati kabisa ya wimbi la sefu. Mfuate miaka minne mbele, utamkuta kwenye The Zodiac: Cosmic Sounds, albamu ya Elektra ya 1967 yenye kipande kimoja kwa kila nyota ya falaki, ambayo jalada lake linaagiza isikilizwe gizani. Muziki wa albamu hiyo uliandikwa na Mort Garson, na aliyeshika sinthesaiza ya Moog, chombo cha kutengeneza sauti kwa umeme, ni Paul Beaver. Mfuate Beaver na utafika kwenye The Nonesuch Guide to Electronic Music ya 1968, aliyoitengeneza na Bernie Krause. Kwa hiyo kutoka kwenye magari ya mashindano hadi kwenye masomo ya Moog ni hatua mbili tu, wakati ambapo duka lolote lingeziweka albamu hizo kwenye rafu tatu zisizokaribiana.

Mfano wa pili uko Uingereza. Joe Meek aliirekodi Telstar ya kundi la The Tornados mwaka 1962 katika nyumba ya kupanga juu ya duka, Holloway Road, London, na kipande hicho kikashika nafasi ya kwanza pande zote mbili za Atlantiki. Watu wengi huishia hapo. Lakini miaka miwili kabla yake Meek alikuwa ameshatengeneza I Hear a New World, albamu ya kuwazia maisha ya mwezini, iliyojaa kanda zilizoharakishwa na vyombo vilivyofunikwa mwangwi. Ni sehemu yake ndogo tu iliyotoka mwaka 1960, na albamu kamili ilisubiri mpaka 1991, miaka zaidi ya ishirini baada ya kifo cha Meek. Ukiisikiliza baada ya Telstar utaona kwamba gitaa la aina ya sefu na elektroniki vilikuwa vikikaa chumba kimoja kabla saikedeliki haijapata jina.

Kuhusu White Noise, fuata jina la Delia Derbyshire, mmoja wa waliolitengeneza kundi hilo. Pamoja na Brian Hodgson alikuwa katika warsha ya sauti ya BBC, ambako mwaka 1963 aliitengeneza kwa kanda na osileta sauti ya utangulizi wa tamthilia ya televisheni ya Doctor Who, na ujuzi huo wa kukata na kuunga kanda ndio uliobeba An Electric Storm.

Tahadhari moja ni ya lazima hapa. Majalada husema uongo, hasa ya miaka ya hamsini na sitini, ambapo wapigaji wa kukodiwa hawakutajwa kabisa. Mpaka leo watafiti wanabishana iwapo gitaa lenye mkwaruzo katika baadhi ya rekodi za Rock 'n Roll Trio lilipigwa na Paul Burlison, mwenye gitaa wa kundi, au na Grady Martin wa Nashville. Penye ubishi wa namna hiyo, fuata majina yote mawili, kwani yote yatakufikisha mahali pazuri.

Hatua ya nne: Tembea kwenye katalogi ya lebo

Kila santuri ina namba ya katalogi. Ukishapata albamu moja nzuri kutoka lebo ndogo, tafuta iliyotoka namba moja kabla yake na moja baada yake, kisha endelea pande zote mbili. Njia hii inafaa zaidi kwa sefu. Lebo ya Del-Fi ya Bob Keane, huko Los Angeles, ilitoa mwaka 1963 mlolongo wa albamu za sefu zinazofuatana. Surf Rider! ya The Lively Ones ilipata maisha ya pili kwa sababu kipande chake chenye jina hilo kilitumika kwenye filamu ya Pulp Fiction mwaka 1994, lakini Big Surf! ya The Sentinals, yenye midundo ya Kilatini na dramu za John Barbata ambaye baadaye alijiunga na The Turtles, haikupata bahati hiyo. Kwa sikio langu ndiyo bora kati ya hizo mbili.

Discogs ilipoanzishwa mwaka 2000 ilishughulikia muziki wa kielektroniki peke yake, na mpaka leo taarifa zake za eneo hilo ni za kina. Ukiwa kwenye ukurasa wa albamu, tazama namba mbili: ya watu walionayo na ya watu wanaoitafuta. Wanaoitafuta wakiwa wengi kuliko walionayo, albamu hiyo ni adimu, lakini haijasahaulika, na bei yake itakuonyesha hivyo. Inayokufaa wewe ni ile yenye wamiliki wengi na watafutaji wachache, kwa kuwa hiyo ipo, inapatikana, ila hakuna anayeigeuzia jicho. Wapenzi wengi wa santuri huchanganya uadimu na ubora, na huo ndio upotevu mkubwa wa pesa katika mchezo huu.

Hatua ya tano: Tazama rafu zisizo zake

Bruce Haack alitoa The Electric Lucifer kwa Columbia mwaka 1970, nayo inatajwa mara kwa mara. Isiyotajwa sana ni kwamba tangu miaka ya mwanzo ya sitini yeye na mwalimu wa dansi Esther Nelson walikuwa wakitoa santuri za watoto kwa lebo yao, Dimension 5, ambamo vyombo vya umeme alivyojitengenezea vinapiga kelele za ajabu huku watoto wakiambiwa waruke na kujinyoosha. The Way-Out Record for Children ya 1968 ni saikedeliki kamili, ingawa ilikuwa ikikaa kwenye rafu ya shule. Kagua basi rafu za watoto, za mazoezi ya viungo, za majaribio ya stereo na za falaki. Huko ndiko wanamuziki wa vifaa vipya walikopata kazi ya kuwalipia kodi ya nyumba.

Hatua ya sita: Toka nje ya nchi ya asili

Sefu ilizaliwa kusini mwa California, lakini haikuhitaji bahari. The Astronauts walitoka Boulder, Colorado, milimani, na walipendwa zaidi Japani kuliko kwao. The Trashmen walitoka Minneapolis. Huko Sydney, The Atlantics walirekodi Bombora mwaka 1963 kwa ukali ambao makundi machache ya California yaliufikia. Japani yenyewe, baada ya ziara za The Ventures, kundi la gitaa la Marekani, iliwaka kwa homa ya gitaa la umeme, na Takeshi Terauchi akaenda mbali hadi kupiga Beethoven na wenzake kwa gitaa hilo katika albamu ya 1967, akiwa na kundi lake la Bunnys. Wazo linasikika kama mzaha, lakini upigaji wake hauna mzaha wowote. Unapotafuta nje, andika majina kama yanavyoandikwa katika lugha ya huko, maana hifadhidata na maduka ya mtandaoni hayasamehe tahajia.

Hatua ya saba: Rudi nyuma kupitia wanafunzi

Wanamuziki wa baadaye waliokuwa wakusanyaji wa santuri ni viongozi wazuri kuliko wahakiki. Kundi la The Cramps walikwenda Memphis kurekodi Songs the Lord Taught Us, iliyotoka 1980 chini ya utayarishaji wa Alex Chilton, na orodha ya nyimbo walizoazima katika kazi zao zote ni somo la rokabili iliyosahaulika. Mmoja ambaye waliimba wimbo wake ni Hasil Adkins wa West Virginia, aliyepiga gitaa na ngoma peke yake kwa wakati mmoja. Rekodi zake za zamani zilikusanywa kwenye Out to Hunch mwaka 1986 na lebo ya Norton, iliyoanzishwa na Billy Miller na Miriam Linna, ambaye aliwahi kuwa mpiga dramu wa The Cramps hao hao.

Wengine ni kundi la Suicide, yaani Alan Vega na Martin Rev, ambao albamu yao ya 1977 inaunganisha rokabili na elektroniki waziwazi: mwimbaji anayegugumia kama Gene Vincent juu ya ogani na mashine ya midundo. Albamu ya Vega peke yake ya 1980 ni rokabili iliyopunguzwa mpaka mifupa. Kwa upande wa sefu, wasikilize Man or Astro-man? wa Alabama na Laika & the Cosmonauts wa Finland, kisha utafute vipande vya wengine wanavyovipiga.

Hatua ya nane: Chagua toleo kabla ya kulipa

Rokabili ilirekodiwa kwa mono, yaani sauti ya njia moja, na toleo lake la mono ndilo la kununua. Katika miaka ya sitini lebo nyingi zilizichukua kanda hizo za mono zikazigawa kwa vichujio na ucheleweshaji ili ziuzwe kama stereo, na matokeo yake ni besi upande mmoja, mkwaruzo upande wa pili, na mwangwi wa Memphis umefunikwa na mwangwi wa ofisini. Mimi mwenyewe niliwahi kununua moja kwa furaha, nikadhani kipaza sauti changu kimeharibika. Ukiona jalada linasema stereo kwa rekodi ya kabla ya 1957 hivi, tia shaka.

Kwa mikusanyiko ya rokabili, lebo ya Bear Family ya Ujerumani, iliyoanza 1975, huandika tarehe za kurekodi na majina ya wapigaji kwa uangalifu mkubwa, na Ace ya Uingereza nayo huaminika. Kwa albamu za kielektroniki zilizowahi kunakiliwa sana bila idhini, kama za Silver Apples, hakikisha toleo linataja mwenye haki na chanzo cha sauti. Lisilotaja lolote mara nyingi limenakiliwa kutoka santuri ya mtu, mikwaruzo na yote.

Hatua ya tisa: Andika daftari, na ufute

Kwa kila albamu andika mwaka, lebo, namba ya katalogi, studio, jina moja la kufuatilia, na sentensi moja inayoeleza mwangwi uko wapi. Sentensi hiyo ya mwisho inachosha mwanzoni, lakini baada ya albamu thelathini ndiyo utakayoisoma kwanza.

Kila baada ya miezi michache pitia daftari na ufute zilizokwisha kupata umaarufu. Mother Earth's Plantasia ya Mort Garson, muziki wa Moog wa kuwapigia mimea, mwaka 1976 haikuuzwa kama santuri nyingine: ilitolewa kwa aliyenunua mmea katika duka moja la Los Angeles au godoro la Simmons katika maduka ya Sears. Tangu lebo ya Sacred Bones ilipoichapa upya mwaka 2019 haihitaji tena msaada wako. Ifute, na mahali pake uandike Black Mass, ambayo Garson huyohuyo aliitoa mwaka 1971 akijiita Lucifer.